Uzoefu wangu na Universal Credit: wiki nne za kuchagua, kisha beba boksi

Universal Credit, yaani posho ya serikali ya Uingereza kwa asiye na kazi au mwenye kipato kidogo, naipa nyota mbili kati ya tano. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwenye magrupu yetu huku Uingereza watu huuliza habari za hela ya kukosa kazi kwa kunong'ona, kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu. Na kabla mtu hajajiponza: kama kibali chako cha ukaazi kimeandikwa kwamba huruhusiwi fedha za umma, usiiguse kabisa. Mimi nina uraia, kwa hiyo nilikuwa na haki.

Kazi yangu ni kukokotoa mishahara. Nimeifanya miaka tisa kwenye kampuni moja ya usafirishaji, na mwisho wa Machi 2024 kitengo chetu kikafungwa. Nikapewa kiinua mgongo, nikarudi nyumbani, nikakaa. Wiki tatu sikuomba kitu. Nimelelewa Tanga, kwetu mtu mzima mwenye mikono miwili haendi kunyoosha mkono serikalini, na nilijiona nitapata kazi kabla pesa haijaisha. Sikupata. Aprili ikielekea ukingoni nikajaza fomu mtandaoni.

Fomu yenyewe si ngumu. Wanauliza kila kitu, pamoja na akiba: ikizidi pauni 6,000 wanaanza kupunguza, ikizidi 16,000 huna chako. Wanaotuma pesa nyumbani wawe na maelezo, maana ukionekana umeigawa akiba ili ustahili, watakuhesabia kana kwamba bado unayo.

Malipo ya kwanza huja baada ya wiki tano. Ukiishiwa kabla ya hapo wanakupa ya mbele, lakini hiyo ni mkopo, utaulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango cha mtu mmoja aliyetimiza miaka 25 kilikuwa pauni 393.45 kwa mwezi, na juu yake sehemu ya kodi ya nyumba. Nyota ya kwanza naitoa hapa: tangu walipoanza kulipa, hawakuchelewa hata siku moja. Miaka tisa nimelipa watu mishahara, najua hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye shughuli yenyewe.

Siku ya kwanza unasaini ahadi: utatafuta kazi hadi saa 35 kwa wiki na kuandika kila hatua kwenye shajara yao ya mtandaoni. Unapangiwa mshauri. Wangu alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa, akaniita kwa jina langu tupu kama wanavyoitana wote huku, na sina ubaya naye. Wiki nne za mwanzo aliniacha nitafute kazi za uhasibu. Zamani mtu mwenye fani aliweza kupewa hadi miezi mitatu kuitafuta kazi ya fani yake, ila Februari 2022 serikali ikaipunguza ikawa wiki nne. Wiki nne! Mwajiri mmoja alichukua wiki sita kunijibu kwamba nafasi imeshajazwa.

Wiki ya tano akanigeuzia skrini. Ghala, zamu ya usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa dakika 75 kwa basi. Kanuni inaruhusu wakudai usafiri wa hadi dakika 90 kwenda na 90 kurudi, kwa hiyo kwake ilikuwa ndani ya mstari. Nikamwambia baada ya saa moja jioni hakuna basi la upande ule. Akasema labda nitapata mwenzangu mwenye gari. Mwenzangu yupi, na kazi yenyewe sijaianza?

Nieleweke. Boksi nimebeba. Nilipofika nchi hii nilibeba boksi mwaka na nusu, zikanisomesha. Lakini ukikataa kazi bila sababu wanayoikubali, wanakukata kiwango chako chote kwa siku 91. Nilipiga hesabu palepale kwenye kiti: zaidi ya pauni 1,170. Ukirudia ndani ya mwaka, siku 182. Hadi 2019 adhabu iliweza kufika miaka mitatu, kwa hiyo kuna watakaoniambia nishukuru. Mtu mwenye hesabu hiyo kichwani haulizi kazi inalipaje wala inaishaje. Anasema ndiyo.

Nilichojifunza siku ile ni kuandika. Nilirudi nyumbani, nikaweka kwenye shajara picha ya ratiba ya mabasi na maneno mawili matatu ya adabu. Kesho yake ile kazi ikaondolewa. Nyota ya pili ni ya shajara: ya mdomo yanapotea, yaliyoandikwa yanabaki na tarehe yake.

Lakini wiki iliyofuata ikaja ghala nyingine, zamu za mchana, mkataba wa saa sifuri, yaani mwajiri hakuahidi saa zozote, anakuita akikuhitaji. Hii sikuwa na sababu ya kuikataa, nikaanza Juni.

Hebu niwape hesabu kama karani. Kima cha chini kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Mtu kama mimi, asiye na mtoto wala ugonjwa, kila pauni anayopata hupunguziwa senti 55 kwenye posho. Kwa hiyo saa moja inabaki 5.15. Zamu ya saa nne ni 20.59. Toa basi, pauni 2 kwenda na 2 kurudi: 16.59. Gawa kwa saa nne za kazi na mbili na nusu za njiani. Pauni 2.55 kwa saa. Ni zaidi ya sifuri, na sitadanganya kwamba mwenye kukaa nyumbani alinizidi. Hakunizidi. Ila siku yangu ilikuwa imeshaliwa.

Kuna mpaka mwingine ambao hakuna aliyenieleza, niliugundua mwenyewe. Mwaka ule, kuanzia Mei 2024, aliyepata chini ya pauni 892 kwa mwezi alihesabiwa bado mtafutaji kazi na aliitwa ofisini kama kawaida. Hizo zilikuwa saa 78. Mwezi wa kwanza nilipata saa 80, wakaniacha nipumue. Mwezi wa pili nikaitwa kwenye usaili wa kazi ya mishahara, Jumatano asubuhi. Jumanne usiku ikaingia meseji: zamu ipo, Jumatano asubuhi. Nikaenda kwenye usaili. Wiki iliyofuata msimamizi akanipa zamu mbili tu, bila maneno. Mwezi ukaisha na saa 52, nikajikuta tena mbele ya yule binti, akiniuliza kwa nini saa zangu zimeshuka.

Na usiseme ningeacha tu. Kuacha kazi kwa hiari bila sababu nzuri nako ni siku zilezile 91. Unaingia kwa kusukumwa, na mlango wa kutokea una faini.

Sikukatwa. Barua ya usaili ilikuwa kwenye shajara, meseji ya zamu pia. Ila ile kazi sikuipata, na sijui kama uso wangu wa asubuhi ile, baada ya wiki ya kunyanyua katoni, ulisaidia.

Mdogo wangu Dar alipoteza kazi mwaka huohuo. NSSF walimpa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa sababu alikuwa amechangia zaidi ya miezi 18. Hakuna aliyemtaka aonyeshe ametuma barua ngapi. Akaniambia, "Dada, kumbe huko kwenu ndiko kugumu." Nikamjibu miezi sita ikiisha atanipigia. Alinipigia.

Kazi niliipata Septemba, mishahara ya shule, siku nne kwa wiki. Tangazo nilitumiwa na mwenzangu wa kampuni ya zamani.

Shemeji yangu ameachishwa mwezi huu na anataka kujua kama aombe au asubiri kwanza. Omba leo, shemeji. Zile wiki tano zinahesabiwa kuanzia siku unayotuma fomu, na zangu tatu za aibu hakuna aliyenirudishia.