Kliniki ya presha ambako mama aliulizwa, akasikilizwa

Nampeleka mama kliniki ya presha katika hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Kilichonifanya niandike si majengo wala mashine, ni daktari wa pale: anasikiliza.

Kabla ya hapo mama aliteseka sana na kikohozi kikavu, usiku ndiyo balaa zaidi. Tulikokuwa tunatibiwa, akikitaja anaandikiwa dawa ya maji. Akapimwa TB, hana. Kumbe dawa yake ya presha ilikuwa enalaprili, na kikohozi kikavu ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana kabisa. Mama alishahisi mwenyewe: kuna kipindi dawa zilimwishia akakaa wiki kadhaa bila kumeza, kikohozi kikatulia. Toka hapo akawa anazimeza kwa kuruka, na hakuna aliyemuuliza. Presha ikapanda, akaongezewa dozi. Dozi ya dawa asiyoimeza! Hilo linaniuma mpaka leo, maana presha ya namna hiyo ndiyo inayoleta kiharusi.

Daktari wa hapa alimwamkia, akageuza kiti wakatazamana. Akamwambia, "Mama, dawa hizi nyumbani unazimezaje? Wengi huwa wanaruka, niambie tu." Mama akafunguka. Akaeleza kikohozi, akapitia na habari za msiba wa Kilosa, na daktari hakumkatiza. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Beckman na Frankel, walikuta wagonjwa wakikatizwa baada ya wastani wa sekunde 18 tu tangu waanze kujieleza. Mama angekatizwa hivyo, habari ya kuruka dawa isingetoka.

Akambadilishia, akampa losartani ambayo ni nadra kuleta kikohozi. Akamweleza kwamba kikohozi hakitakoma siku hiyohiyo, huenda kikachukua wiki kadhaa, asikate tamaa. Kisha akamwomba arudie alivyoelewa. Mama akasema nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Haikuwa hivyo, ilikuwa kidonge kizima mara moja kwa siku. Akarekebishwa palepale, kwa upole. Bila swali lile tungerudi nyumbani na dozi isiyo sahihi.

Manesi nao wanajua kazi. Mgonjwa anakaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, hakuna kuongea. Anaambiwa namba zake na maana yake. Mama sasa anajua mwenyewe kwamba lengo lake ni chini ya 140/90, na anaulizia.

Yasiyonipendeza yapo. Foleni ni ndefu, na kama huna bima gharama zinauma. Dirisha la dawa ndilo baya zaidi: wanaita jina na kutaja ugonjwa kwa sauti watu wote wakisikia. Mzee mmoja aliinuka akaondoka bila dawa zake, nikamhurumia sana. Nimelalamika mapokezi, bado sijaona mabadiliko.

Mama kikohozi kimeisha, na kipimo cha mwisho kilikuwa 132/84. Ukimpeleka mzazi wako, beba maboksi yote ya dawa anazotumia, hata za mitishamba, na mwache ajieleze mwenyewe kabla hujamsemea.