Skana ya vitabu ya Unga Limited: mbao safi, nyaya zirudiwe

Karakana moja ya Unga Limited, Arusha, inaunda kwa oda skana ya vitabu inayojigeuzia kurasa. Kitabu kinalala kwenye kitako cha umbo la V, vioo viwili vinashuka kubana kurasa, kamera mbili zinapiga, vioo vinapanda, mkono unageuza. Anayeitaka kwa ajili ya maktaba ya shule au parokia ajue mapema: useremala ni wa kiwango, mushkeli uko kwenye umeme.

Kitako kina pembe ya nyuzi 100, hivyo mgongo wa kitabu kikuukuu hauvunjiki. Kinateleza kushoto na kulia juu ya beringi, maana mgongo huhama kadiri kurasa zinavyohamia upande wa pili. Wengi wanaojiundia hulisahau hili. Kamera ni za megapikseli 12. A4 kwa nukta 300 kwa inchi inataka takriban 8.7, kwa hiyo kingo za kukata zipo.

Vioo hupandishwa na mota ya NEMA 17, inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, yenye skrubu ndefu ya T8 (kipenyo milimita 8). Skrubu iliyofungwa husogeza vioo milimita 8 kwa kila mzunguko. Ina kasi, ila umeme ukikatika haishiki: vioo na fremu yake, kama kilo mbili, vinaserereka hadi kwenye kitabu, au kwenye vidole. Ya milimita 2 hujishikilia yenyewe, lakini kwa mizunguko 300 kwa dakika kupanda sentimita 6 huchukua sekunde 6 badala ya moja na nusu. Kwa kitabu cha kurasa 400 hiyo ni kero. Afadhali iachwe ya milimita 8, fundi aning'inize uzito wa kusawazisha kwa kamba na kapi nyuma ya fremu.

Nyaya sasa. Servo mbili za MG996R (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa) zinalishwa na kipunguza volti kimoja cha LM2596, ambacho mwisho wake ni ampea 3. Servo moja ikikwama kwa volti 6 hula karibu 2.5. Zikivuta pamoja volti zinaporomoka, Arduino, kompyuta ndogo inayoongoza mashine, inajizima na kuwaka upya, ukurasa ukiwa bado hewani. Dai adapta ya peke yake kwa servo, volti 6 na ampea 6, na nyaya hasi zote ziunganishwe pamoja, la sivyo servo zitatetemeka ovyo.

Draiva ya A4988, saketi inayoendesha mota ya vioo, nayo haina kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye pini za volti 12. Bila hiyo, mruko wa volti wakati wa kuwasha huiunguza. Pima Vref, volti inayoweka kikomo cha mkondo wa mota, kwa multimita: moduli yenye vipinga vilivyoandikwa R100, volti 0.8 ni sawa na ampea 1. Wala usichomoe waya wa mota mashine ikiwaka.

Bomba la kufyonza linaloinua ukurasa hushika vizuri karatasi inayong'aa. Karatasi ya gazeti hupitisha hewa, kwa hiyo ukurasa wa pili nao hufuata. Punguza nguvu ya pampu, weka kifeni kidogo kipulize ubavuni mwa kitabu. Taa zinazotumia umeme wa ukutani huchora mistari kwenye picha, badili kwa mkanda wa LED wa volti 12.

Kwa ilivyo, nyota tatu kati ya tano. Ikija na adapta ya pili, kapasita na ule uzito, inastahili nne na nusu. Nusu inayobaki ni ya swichi za kikomo, zinazoiambia mota imefika mwisho wa njia, ambazo waya wake ukikatika mota haijui pa kusimama.