Warsha ya kubuni jiko jipya: uzoefu wangu, na karatasi iliyopelekwa "Maegesho"

Nilikuja kutoa nyota moja nimalize. Nikaweka mbili, kwa sababu asubuhi ya siku ya kwanza ilikuwa nzuri kweli. Sasa ninavyoandika naona hata hizo mbili ni za huruma.

Kampuni inayouza majiko sanifu ya mkaa ilituita Dar es Salaam miezi kadhaa iliyopita, watumiaji wasaidie kubuni jiko jipya. Mama lishe kumi na wawili, mafundi bati wanne, na wawezeshaji vijana wenye kalamu za rangi. Kila mtu alipewa karatasi za kunata na dakika kumi za kuandika peke yake kabla ya mazungumzo. Hapo nawapongeza kwa dhati. Bila hizo dakika kumi, mwenye sauti kubwa ndiye anayebuni, wengine wanaitikia tu.

Kisha mama mmoja anayepika ugali wa mafundi ujenzi akabandika karatasi yake: "Jiko linayumba nikisonga." Mwezeshaji akaibandua mbele ya watu wote, akaipeleka kwenye kona ya ubao iliyoandikwa "Maegesho", yaani pa kuweka kando mawazo yasiyojadiliwa, akasema, "Mama, hapa tunatafuta ubunifu, siyo malalamiko." Mama akaketi. Hakuandika tena mpaka jioni.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Yule mama alileta mchoro uliokamilika nusu! Kwenye simu yake alikuwa na picha ya pete aliyochomelewa mtaani: nondo ya milimita 8 iliyokunjwa duara kuzunguka jiko, kulabu tatu zinazopanda kubana ukingo wa sufuria, na miguu mitatu iliyotanuka chini. Tatizo alishalitatua kwa hela yake mwenyewe. Eric von Hippel, mtafiti wa ubunifu wa chuo cha MIT, Marekani, aliandika tangu mwaka 1986 kwamba watu wa aina hii, wanaokutana na shida kabla ya soko na kuanza kujitengenezea dawa yake, ndio wa kutafutwa kwanza. Na hapa kwetu tumeyaona. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa ajili ya kurejesha mikopo midogo, watumiaji wakaigeuza ya kutumiana hela, na ilipozinduliwa 2007 ikazinduliwa kwa kazi hiyohiyo.

Ukimuuliza mtu "ungependa jiko liwe na nini?" atakutajia taa na chaja. Muulize "umelifanya nini jiko lako tangu ulinunue?" Atakuonyesha waya, tofali, kipande cha bati kilichochomekwa mlangoni. Kila kimoja ni kosa la mbunifu, na marekebisho yake yako palepale.

Wazo lililoshinda lilikuwa chaja ya simu. Kila mshiriki alipewa vibandiko vitatu apige kura hadharani, na kura za hadharani hufuata kundi: penye vitano pataongezwa cha sita. Wangekusanya kura kwenye boksi. Wawezeshaji nao walipiga, wakati hakuna hata mmoja wao anayepikia mkaa.

Jiko la majaribio likaja, chaja ipo. Miguu imeachana sentimita 22, lakini sufuria ya ugali wa kilo tatu inafika sentimita 36. Unga kilo tatu na maji lita sita ni kilo tisa juu ya moto, bado sufuria yenyewe, na msongaji hasukumi chini, anasukuma kando. Nguvu iko juu, kitako chembamba. Likalala chini mwiko haujazunguka mara kumi, uji wa moto ukatapakaa sakafuni. Ni bahati tu kwamba hakuna aliyeungua. Wao walikuwa wamelijaribu kwa kuchemsha lita tano za maji. Maji hayasongwi!

Chungu cha udongo cha ndani nacho kilishapata ufa kabla ya kuanguka, maana kilikazwa moja kwa moja kwenye bati. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo, kwa hiyo katikati huwekwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Mafundi tuliliandika hilo pia. Nalo likaegeshwa.

Nilishafuta nyota zote hapa. Ila siku ya jaribio alikuja mhandisi wao, dada mmoja mpole. Alipiga magoti akapima pete ya mama kwa rula, akauliza kwa nini kulabu ni tatu na si nne. Mama akamjibu, "Mwanangu, sufuria ikibonyea, tatu zote zinashika. Ukiweka nne, moja inaning'inia." Akaandika neno kwa neno. Kwa ajili ya huyo dada narudisha nyota moja. Mwezeshaji bado hajamwomba mama radhi.