Ziara ya Miguu Katika Mji Mkongwe wa Leh: Njia ya Wafanyabiashara Waislamu

Kampuni ndogo ya utalii mjini Leh, katika eneo la Ladakh kaskazini mwa India, huendesha ziara ya miguu ya nusu siku kuhusu Waislamu waliofanya biashara na kuoleana na watu wa utamaduni wa Kitibeti. Kwa jumla ziara hiyo inastahili kupendekezwa, hasa kwa sababu ya ufundi wa mwongozaji wake, ingawa mpangilio wake una kasoro zinazokera.

Matembezi huanzia kwenye Msikiti wa Ijumaa, mwisho wa soko kuu, uliojengwa katika miaka ya 1660 wakati Ladakh ilipokuwa chini ya shinikizo la dola ya Mughal, dola ya Kiislamu iliyotawala sehemu kubwa ya India. Juu yake, mlimani, limesimama jumba la ghorofa tisa la Mfalme Sengge Namgyal, ambaye alikuwa Mbuddha lakini mama yake, Gyal Khatun, alikuwa binti Mwislamu kutoka Baltistan. Mwongozaji hakuifanya ndoa hiyo kuwa hadithi ya mapenzi: alieleza waziwazi kwamba mtawala wa Skardu, mji mkuu wa Baltistan, alimshinda na kumteka baba yake Sengge, kisha akamwoza binti yake na kumrudishia ufalme. Nilimheshimu kwa hilo, maana watembezaji wengi huwapaka wageni mafuta kwa habari za amani tupu.

Sehemu bora kuliko zote ni maelezo ya msafara wa Lopchak. Baada ya vita kati ya Ladakh na serikali ya Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mkataba wa Tingmosgang wa mwaka 1684 uliilazimu Ladakh kupeleka ujumbe wenye zawadi Lhasa kila baada ya miaka mitatu, ndio huo Lopchak, na Lhasa nayo ikawa inatuma Leh msafara wa chai. Ajabu ni kwamba zawadi hizo za mfalme Mbuddha kwa Dalai Lama, kiongozi mkuu wa Wabuddha wa Tibet, mara nyingi zilikabidhiwa wafanyabiashara Waislamu, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na jamaa, mikopo na uzoefu wa njia, na utaratibu huo ulidumu hadi miaka ya 1940. Tukiwa tunasikiliza, tulipewa konzi ya sufu ya mbuzi wa nyanda za juu za Changthang ambayo haijachambuliwa, yenye nywele ngumu zilizochanganyika na manyoya laini kama moshi. Sufu hiyo ndiyo iliyosokotwa na kufumwa kuwa mashali ya Kashmir, na haki ya kuinunua ilikuwa ya Wakashmiri peke yao kwa mujibu wa masharti yaliyofuata vita vile.

Katika uchochoro wa nyuma ya msikiti tuliwaona waokaji Waislamu wakibandika mikate kwenye kuta za tanuri, huku wateja wa dini zote wakipanga foleni. Hapo hapakuhitaji maelezo, na mwongozaji, kwa busara, alinyamaza.

Kasoro kubwa ni Lhasa kutajwa kwa sentensi chache tu. Msikiti wa Lhasa umetajwa katika kitabu cha jiografia cha Kiajemi cha mwaka 982, na Dalai Lama wa Tano aliwapa Waislamu wa mji huo, waitwao Khache, ardhi ya msikiti na makaburi. Wengi wa wazao wao walihamia India baada ya mwaka 1959 na wengine wakafanya makazi Srinagar. Bila habari hizo mgeni hawezi kujua kwamba wafanyabiashara wa misafara walikuwa na wenyeji wa dini yao waliowapokea upande wa pili. Badala yake, muda mrefu uliliwa na duka la mashali ambako muuzaji alitung'ang'ania, jambo ambalo halikutajwa wakati wa kulipia. Kundi nalo lilikuwa kubwa mno kwa vichochoro vile, na waliokuwa nyuma hawakusikia kitu.

Anayekwenda aombe kundi dogo, aepuke Ijumaa adhuhuri, na avae viatu vinavyovulika kwa urahisi. Leh iko takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari na njia ya kuelekea kwenye jumba ni mwinuko mtupu, kwa hiyo aliyefika kwa ndege apumzike siku mbili kwanza.