Baa ya mbao kule Suffolk: nyumba asali, kaunta shubiri

Bei na ukubwa wa glasi mtavitafuta wenyewe. Mimi nina neno moja tu na kijana wa kaunta wa baa moja kongwe huko Suffolk, Uingereza, si mbali na Lavenham, na neno lenyewe linahusu meli.

Kwanza mjue, mimi ni seremala na pombe sinywi. Nilifuata mbao. Shemeji yangu anayeishi Ipswich alikuwa akinisifia nyumba ile siku nyingi: fremu nzima ya mwaloni, ghorofa ya juu imechomoza kupita ya chini mpaka karibu iguse barabara, sakafu imelala upande hata chupa ya soda inabidi uishikilie. Mlangoni pana kibao kinachosema nyumba ni ya karne ya 15. Tukaagiza samaki na chipsi, nikamwuliza yule kijana, kwa adabu zangu zote, kama anajua habari za boriti zilizo juu ya kichwa chake. Akajibu bila kuinua macho: mbao za meli hizo, meli za vita za Wahispania zilizokuja kuivamia Uingereza zikaangamia mwaka 1588.

Nikamwambia, bwana, kibao chenu kinasema karne ya 15. Meli za 1588 zilijengaje nyumba iliyokwisha kusimama zaidi ya miaka 80? Akamtazama mwenzake wakacheka, ndipo akanipima kuanzia viatuni hadi usoni. "Kwani wewe historia yetu umejifunzia wapi?" Halafu akageukia mteja mwingine. Chipsi zilikuja zimepoa, na radhi hatukuombwa.

Basi nimjibu hapa, kwa kuwa pale hakunipa nafasi. Hadithi ya mbao za meli utaisikia katika baa nyingi kongwe za Uingereza, na mara nyingi ni porojo. Meli za Wahispania zilizovunjika nyingi zilivunjikia pwani za Ireland na Scotland. Nani angeyaburuta magogo yale mpaka Suffolk, penye mialoni yake? Watu wakiona matundu matupu kwenye boriti hudhani palikuwa na viungo vya meli. Kumbe ni alama za ukuta uliobomolewa zamani, au boriti yenyewe ilihamishwa kutoka nyumba nyingine, maana mbao nzuri haikutupwa. Tena mwaloni ukikauka unakuwa mgumu ajabu. Mafundi wa enzi zile waliuchonga ungali mbichi, kwa shoka na tezo, wakauacha ukaukie ukutani. Ndiyo sababu nyumba hizi zimekwenda upande. Watalii wanadhani ni uzee, lakini zilianza kupinda zingali changa.

Na fremu haikuungwa ukutani kipande kwa kipande. Ililazwa kwanza uwanjani kwa fundi, ulimi ukaingizwa tunduni, kila kiungo kikatiwa alama, kisha ikafunguliwa na kupakiwa kwenye mikokoteni. Kule kwenye kiwanja ikasimamishwa na kukazwa kwa misumari ya mti. Alama zenyewe ni nambari za Kirumi. Nilizitafuta karibu na dirisha huku samaki wangu akipoa, nikaziona: II, III, IIII. Ndiyo, nne kwa vijiti vinne. Maseremala wale hawakujisumbua na IV ya shuleni. Nilizigusa kwa kidole na hasira ikapungua kidogo.

Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota moja. Sasa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikusanya glasi alisikia yale majibu. Akatusogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Njooni juu, upesi."

Jamani, kule juu! Nyumba hizi zilipojengwa, ukumbi wa katikati ulikuwa wazi kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, dohani hakuna, moshi ukajitafutia njia wenyewe. Dari na dohani ziliingizwa baadaye, katika nyumba nyingi ni karne ya 16. Kwa hiyo chumba cha juu cha leo kimekatiza hewani, na mtambaapanya, ile boriti inayokatiza nyumba chini ya paa, uliokusudiwa kutazamwa kutoka chini, shingo imeinuliwa, sasa unakufika kifuani. Juu yake imesimama nguzo moja iliyochongwa pembe nane, mikono yake minne imetanuka kubeba paa, na makombamoyo bado ni meusi kwa masizi ya moto wa kale. Rangi nyeusi waliyozipaka boriti za chini ni mambo ya urembo. Mwaloni ukiachwa mtupu huwa kijivu cha fedha. Weusi wa kule juu ni wa moshi wa kweli.

Ukutani wameacha kidirisha cha kioo uone kilichomo ndani. Nikacheka peke yangu. Fito zimesukwa, udongo na nyasi kavu vimekandikwa pande zote mbili: nyumba ya bibi yangu Pangani hiyo hiyo, tofauti ni fremu tu. Yule mama alicheka nami ingawa sidhani alijua ninacheka nini. Hapo nilisema moyoni, nyota tano, na kijana wa kaunta nimemsamehe.

Msamaha ulidumu mpaka tulipotoka nje. Ukuta wa nyuma wameupiga lipu ya saruji. Saruji, juu ya mwaloni na udongo! Lipu ya zamani ya chokaa hupumua: unyevu ukiingia, unatoka. Saruji inapasuka nywele nywele, mvua inapenya, haitoki tena, na mbao inaoza gizani. Boriti ya chini kabisa, ile inayokanyaga msingi, nilipoibonyeza kwa kidole gumba ilibonyea. Hayo ndiyo yanayoniuma kuliko chipsi. Nyumba nyingi za upande ule zilisalia kwa sababu biashara ya sufu iliyoitajirisha Lavenham ilianguka, watu wakakosa hela ya kubomoa na kujenga upya. Sasa hela ipo, saruji imefika. Tena nyumba kongwe za namna hii kwa kawaida zimo kwenye orodha ya serikali ya majengo yanayolindwa. Huruhusiwi kubadilisha kitu bila kibali. Hicho kibali alikitoa nani?

Shemeji anasema nimezidisha, samaki alikuwa mtamu. Ni kweli, alikuwa mtamu hata alipopoa. Mkienda, nendeni mchana wa siku ya kazi, kaunta msiulize kitu, mtafuteni yule mama wa glasi. Nyota nne kwa ajili ya chumba cha juu. Nikiutazama ukuta wa nyuma, mbili. Kijana wa kaunta simhesabu kabisa.