Gmail kwa kupeana habari za nyumbani, mimi bado nipo nayo

Kuna watu wananiuliza kwa nini bado naandika imeili kumpa ndugu habari na WhatsApp ipo. Kwa habari kubwa za familia, jamani, sijaona kinachoishinda Gmail na nasema hivyo kwa moyo mmoja.

Angalia hii ya dada yangu kujifungua mapacha. Ma'mdogo yuko Muscat, binamu yuko Toronto. Kwenye grupu zikawekwa picha, zikaja mashaallah na hongera na stika kibao, mara mtu kaweka tangazo la viwanja, habari ya watoto imeshafukiwa juu kwa juu. Ma'mdogo kaona sura tu, hajui yupi Kulwa yupi Doto, hajui nani alikuwa na mzazi usiku ule wala bibi alisema nini alipowapakata. Nikamwandikia imeili, shikamoo ma'mdogo, poleni na joto la huko, halafu habari yenyewe nikaiweka mwanzoni kabisa asihangaike kuitafuta, ndio nikashuka kwenye visa vidogovidogo, na mwishoni nikamuuliza mambo yake mawili matatu. Alinijibu barua ndefu mpaka raha, ya goti lake, ya jirani zake, vitu ambavyo kwenye grupu hasemi kamwe.

Sasa Gmail yenyewe. Kinachonifurahisha zaidi ni kupanga muda wa kutuma, maana Toronto wako nyuma yetu saa 7 au 8 kutegemea msimu, unaandika asubuhi yako unaiacha imfikie akiamka. Kurudisha barua uliyotuma pia ipo ila kawaida inakupa sekunde 5 tu, ingia kwenye mipangilio weka 30, ni muhimu sana kama umeandika habari nyeti ya familia. Na kusachi, ukiandika jina tu barua za zamani zinakuja.

Picha ndio shida. Mwisho MB 25 kwa barua moja, ukizidisha zinageuka linki ya Drive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Google, na mzee wa watu linki anaiogopa, na haki yake kwa matapeli wa siku hizi. Chagua picha tatu nzuri, zinatosha. Nafasi nayo ni GB 15 za bure, sio kidogo ukikumbuka 2004 walianza na GB 1, lakini zinagawanwa na Drive na Google Photos, kwa hiyo simu inayopandisha picha zenyewe inazimaliza, na zikijaa imeili haziingii tena, kwa hiyo pitia ufute mara kwa mara.

Nyota nne kati ya tano. Ukituma barua moja kwa ukoo mzima weka anwani kwenye Bcc, kile kisanduku kinachoficha anwani za wengine, kila mtu atakujibu wewe peke yako na atakuwa huru kukwambia ya kwake.