Corgi wa Cardigan na corgi wa Pembroke: mkia uachwe au ukatwe?

Wote ni mbwa wa Wales, wenye miguu mifupi, waliofugwa waswage ng'ombe kwa kuwauma visigino. Cardigan ana mkia mrefu kama wa mbweha. Pembroke, kwa desturi, alikatwa wake akiwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Watetezi husema mkia mfupi haukanyagwi na ng'ombe. Hoja hiyo hainiingii akilini: Cardigan kafanya kazi ileile na mkia wake, tena mbwa husemezana kwa mkia. Tangu 2007 sheria ya England inazuia ukataji, isipokuwa kwa matibabu na kwa baadhi ya mbwa wa kazi, kama wa polisi na jeshi. Mbwa wa kuchunga mifugo hawamo. (Pembroke wengine huzaliwa na kikia kifupi, kisu cha nini?)